Kitabu chenye Harufu ya Mawese

Wiki mbili zilizopita mjukuu wangu Hadija alirudi kutoka shuleni na karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka juu ya meza ya jikoni, karibu kabisa na chupa ya mawese. Nilimwambia aiondoe pale. Nilisema kwa ukali ambao karatasi haikuustahili, na mtoto akanitazama vile watoto wa siku hizi wanavyotutazama, akijiuliza kama bibi ana njaa au ni magoti yanamsumbua. Magoti yalikuwa yananisumbua, ni kweli, lakini hayo nimeyazoea.

Karatasi ilikuwa na majina sita ya vitabu, na chini ya kila kimoja jina la mwandishi wake. Hadija alinieleza kwamba vitabu hivyo vimeteuliwa kuwania zawadi ya vitabu vya watoto, kwamba darasa lao limeletewa, kwamba watavisoma kwa zamu, halafu kila mwanafunzi ataandika jina la mwandishi aliyempenda kuliko wenzake. Alikuwa akisema haraka haraka huku anaisogeza chupa ya mawese, kizibo hakikukazwa, na harufu ikanipanda puani. Nikaketi. Nikamwuliza kwa nini viwe sita.

"Sijui, Bibi," akasema. "Iko sita tu."

Ninyi wa rika langu, mliokulia kwenye ufuko huu wa ziwa kati ya Minago na Rumonge, mnaujua uchovu ninaousema. Ni uchovu wa kuulizwa. Watu huja na vinasa sauti vyao, wanaketi sebuleni, wanakunywa chai yetu, wanataka tuwaambie mwaka ule wa sabini na mbili ulianzaje na nani alifanya nini. Mimi nimeacha kuwajibu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kitu kilichojaa kichwani mwangu mwaka ule wote kilikuwa kitabu. Basi nitasema habari za kitabu. Mengine mtajaza wenyewe, maana mnayo.

Baba alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka moja karibu na soko. Mama alikuwa anakamua mawese. Ngazi, mikungu ya michikichi, zilitoka Kizuka, zinashushwa uani kwetu, zinachemshwa katika mapipa, zinatwangwa na kukamuliwa, na sisi watoto tuliishi ndani ya harufu hiyo mpaka hatukuisikia tena. Kila kitu chetu kilikuwa na rangi ya machungwa mahali fulani. Nguo ya Idi ilipata doa kabla hatujarudi kutoka kwenye sala. Ukiona mtoto wa mtaa wetu ana daftari lisilo na alama ya kidole chenye mafuta, ujue daftari hilo limenunuliwa leo.

Babu yetu alivuka ziwa kutoka Kongo zamani za Wabelgiji, na bibi yetu hakupenda shule hata kidogo. Aliamini kwamba mtoto wa Kiislamu akiingia darasani asubuhi, jioni atatoka amebatizwa. Mwaka wa uhuru nilikuwa bado nabebwa mgongoni, na nasikia niliilia bendera mpya kwa sababu upepo wa ziwa uliipigisha kelele. Ila Baba aliuchukulia uhuru kwa uzito. Alisema sasa shule ni ya nchi, na nchi ni yetu, kwa hiyo watoto wake watasoma. Ndivyo nilivyofika katika darasa la Mwalimu Leonidasi, mchana nasoma Kifaransa kwake, jioni nasoma juzuu chuoni.

Mwalimu Leonidasi alikuwa mtu wa milimani. Alipanga chumba kimoja nyuma ya nyumba ya jirani yetu, alikuwa na baiskeli na suruali mbili, na alikula ndagala kama mtu anayemeza dawa, kwa adabu lakini bila furaha, kwa sababu kwao hawakulelewa kwa samaki. Sisi watoto tulimcheka kwa hilo, naye alituacha tumcheke. Alikuwa na sauti ya chini. Akikasirika, sauti ilishuka zaidi, na darasa zima likainama kumsikiliza.

Yeye ndiye aliyeandika barua kwenda Ulaya. Alikuwa amesoma mahali fulani kwamba kuna zawadi ya vitabu vya watoto, na kwamba shule za nchi zinazosoma Kifaransa zinaweza kuomba vile vilivyoteuliwa ili watoto nao wapige kura. Walimu wenzake walimwambia anapoteza tembo, stempu za posta. Mvua za mwanzo wa mwaka zilipokuwa zinapungua, lori la kutoka Bujumbura likateremsha kasha la mbao lenye jina lake, na yeye akatia sini, saini yake, mbele ya direkteri wa shule kwamba amepokea vitabu sita, vizima, vya kurudishwa.

Sijawahi kuona kitu kipya kama vitabu vile. Kila kimoja kilikuwa kimefungwa utepe mwekundu wa karatasi kiunoni, na Mwalimu alitueleza kwamba utepe huo ndio alama ya walioteuliwa.

"Hawa watu sita bado hawajashinda," alisema. "Wameteuliwa tu. Sasa wako wanangoja. Wanangoja watoto waseme. Na nyinyi muko kati ya hao watoto."

Mimi nililichukua neno hilo kama lilivyo. Nikawaona watu sita wameketi kwenye benchi, kama lile benchi la zahanati ambako watu wa Rumonge hushinda wakingoja kuitwa, mikono magotini, hawawezi kwenda kula wala kwenda haja mpaka kura ya mtoto wa mwisho ifike. Niliwahurumia. Niliporudi nyumbani nilimwuliza Mama kama huko Ulaya mtu anayengoja hupewa chai. Baba alisikia, akasema yeye alipiga kura kabla ya uhuru na hakuna aliyempa chai, na akaendelea kupindua kola ya shati la mtu.

Tulikuwa watoto karibu arobaini na vitabu sita. Mwalimu alichora mistari katika kaye, yaani daftari: jina la mtoto, jina la kitabu, siku ya kuchukua, na nafasi ya mwisho ambapo aliandika kwa mkono wake "imerudi", kisha akatia sini. Siku tatu kila mtoto. Aliandika kwa Kiswahili kwa sababu wazazi wengi wa mtaani walisoma Kiswahili tu, naye alitaka mzazi akija aone mwenyewe. Baada ya zamu zote kuisha tungeandika kura zetu, na kasha lingerudi Bujumbura na lori lile lile.

Nilikipenda kitabu kimoja kabla sijakisoma. Nyuma ya jalada palikuwa na picha ya mwandishi, mwanamke wa Kizungu, naye alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, kimefungwa chini ya kidevu vizuri kabisa, hata unywele mmoja hauonekani. Kwangu jambo lilikuwa wazi. Huyu alikuwa mmoja wetu. Kati ya wale sita kwenye benchi, mmoja alikuwa Mwislamu, amekaa peke yake katikati ya wageni, na kama watoto wa mtaa wetu hawakumpa kura, nani angempa? Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba wanawake wa huko hufunga vitambaa kwa sababu ya upepo. Lakini wakati ule niliwaambia wasichana wote wa chuoni, nao wakakubali, na tukapanga kura zetu kama wakubwa.

Zamu yangu ya kitabu hicho ilikuwa ya mwisho kabisa. Nilikipokea kwa mikono miwili. Nyumbani nilikifunga katika kitambaa cheupe alichonipa Baba, nikakiweka juu ya kabati pamoja na juzuu, kwa sababu kitabu cha mwanamke wa Kiislamu hakiwekwi chini, na kabla ya kukisoma nilitawadha. Mama alinikuta kwenye ndoo ya maji, mikono imeloa mpaka viwikoni, nayo si saa ya sala.

"Weye mutoto," akasema, "mpaka kitabu ya Wazungu nayo unaitawadhia?"

Kilikuwa kisa cha msichana aliyetumwa na baba yake kwenda juu mlimani kumleta ng'ombe kabla theluji haijaanguka. Theluji sikuijua. Mwalimu alikuwa ametueleza kwamba ni nyeupe, inaanguka bila sauti na inafunika kila kitu, na mimi nikaona unga wa muhogo, ule unaoanikwa uani kwetu kwenye mikeka, ukishuka kutoka angani juu ya ng'ombe. Nilisoma polepole, Kifaransa kilikuwa kigumu, kila ukurasa una maneno matatu manne ya kuruka. Siku ya tatu msichana alikuwa amempata ng'ombe, lakini unga ulikuwa umefunika njia, hajui nyumbani ni upande gani. Zilibaki kurasa chache.

Siku hiyo, Alhamisi, Mama aliniambia nikoroge pipa wakati yeye anakwenda kwa jirani. Ningeweza kukiacha kitabu juu ya kabati. Nilikichukua. Nilijiambia nitasoma kwa jicho moja na kukoroga kwa mkono mmoja, na kweli nilifanya hivyo kwa muda, mpaka mwiko uliporuka, mawese yakanimwagikia mkononi, na mimi, badala ya kukitupa kitabu mbali, nikakishika kwa nguvu zaidi ili kisianguke chini.

Alama ya kidole gumba ilikaa juu ya uso wa mwanamke wa kitambaa. Ndani, kurasa nne zilikuwa zimelowa hadi zinaonyesha maandishi ya upande wa pili. Nililia, nawaambia ukweli, nililia kama niliyeangusha msahafu. Halafu nikafanya kile ambacho kila mtoto wa mkamuaji wa mawese anajua kufanya. Nilichota unga wa muhogo, nikaunyunyiza katikati ya kurasa zilizolowa, nikakifunga kitabu, nikakilaza ndani ya kikapu cha unga na kukiwekea jiwe juu. Unga hunywa mafuta. Lakini hunywa polepole, unatoa wa zamani umegeuka rangi, unaweka mpya, na kazi hiyo inataka siku kadhaa.

Ijumaa Mwalimu aliniita mezani kwake.

"Zuhura, ile kitabu iko wapi?"

"Iko nyumbani, Mwalimu. Sijamaliza."

"Imebaki nyingi?"

"Imebaki kidogo."

Alitazama kaye yake. Vitabu vingine vitano vilikuwa tayari ndani ya kasha. "Basi Jumatatu," akasema. "Lakini Jumatatu kweli, ego?"

"Ego, Mwalimu," nikakubali.

Jumatatu hiyo hapakuwa na shule. Jumamosi jioni watu wenye mapanga walipita, wakaua waliowaua, ninyi mnajua, na siku zilizofuata wakaja askari, na askari hawakutafuta sana nani alikuwa ameshika panga, wakaanza kuwachukua waliosoma. Sisi tulifungiwa ndani. Baba aliiingiza cherehani chumbani, akaifunika shuka, akaketi mbele yake kama anashona, mikono mitupu. Soko halikufunguliwa. Mimi nilibadilisha unga kila asubuhi, na kila asubuhi ulitoka wa machungwa, umefifia kidogo kuliko wa jana. Hiyo ndiyo ilikuwa habari yangu ya vita.

Baada ya siku kadhaa, mchana, mjomba wangu Ramazani alikuja. Alikuwa mvuvi wa mukeke, mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo aliongea machache. Alikuwa anavusha watu kwenda ng'ambo, Kongo, na Baba alimtuma mtoto wa jirani kumwita Mwalimu Leonidasi aje kwetu. Mwalimu alikuja akisukuma baiskeli yake. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi. Mama akamwekea chai, na mimi nikakaa kwenye kizingiti cha jikoni, kikapu cha unga kiko nyuma yangu.

"Mwalimu," mjomba akasema, "kesho alfajiri mtumbwi iko inatoka. Nafasi yako iko. Ni vile tu utalala chini, tutakufunika na nyavu."

"Murakoze, Ramazani," Mwalimu akashukuru. "Lakini mimi sikufanya kitu. Mutu akikimbia, wanasema ndiye alifanya."

"Siku hizi hawaulizi nani alifanya," Baba akasema.

"Ego. Nasikia." Alizungusha kikombe mkononi. "Na kuna vitu ya shule. Direkteri hayuko, hatujui aliko. Nilitia sini mimi. Ndani ya kasha kuna vitabu tano. Nikiondoka hivi, watasema mwalimu ameiba." Akacheka kidogo, peke yake. Halafu akageuka upande wangu. "Zuhura, mwana wangu, umemaliza?"

Kitabu kilikuwa nyuma ya mgongo wangu, hata mkono sikuhitaji kuunyoosha. Ningeweza kukikung'uta na kumpa. Kingekuwa na madoa, na yeye angeona madoa, na ndani ya akili yangu ya miaka kumi na mmoja hakukuwa na jambo baya duniani kuliko Mwalimu Leonidasi kuona madoa yale.

"Bado, Mwalimu," nikasema. "Kesho."

"Basi kesho," akasema, wala sauti yake haikushuka. Alimaliza chai, akamshukuru Mama, akanishika kichwa kama alivyozoea kufanya darasani, akatoka na baiskeli yake. Mjomba alimsindikiza hadi barabarani, bado anamwambia kitu.

Kesho yake, jua limekwisha kupanda, Mama alitoka kwa jirani amejifunika mtandio mpaka mdomoni. Alimwambia Baba kwamba walimu wameitwa ofisini kwa mkutano. Majina yalisomwa kutoka kwenye karatasi.

"Na Mwalimu Leonidasi iko kwenye lisiti," akasema.

Mpaka siku hiyo mimi nilikuwa naijua orodha moja tu katika maisha yangu, ile ya watu sita wenye utepe mwekundu. Nilisimama, moyo unanipiga kwa furaha. "Wamemuchagua?" nikauliza.

Mama alinitazama. Akaketi sakafuni, pale pale alipokuwa, na mtandio wake. Walioitwa walipandishwa kwenye lori. Hakuna aliyerudi. Hayo hayana haja ya maneno mengi, na mimi sina nguvu ya kuyapamba.

Wiki zikapita. Zamu, mlinzi wa shule, ambaye alikuwa mtu wa mtaa wetu, aliwaambia wazazi waende kuchukua vitu vya watoto wao kabla havijaharibika. Baba akanichukua. Nilikuwa nimekikung'uta kitabu vizuri, nimekifunga katika kitambaa chake cheupe, nimekibeba kifuani. Nilijua Mwalimu hayupo. Lakini kutokuwapo kwa mtu, kwa mtoto, ni jambo la leo tu.

Kasha lilikuwa chini ya meza yake, kifuniko wazi, vitabu vitano vimepangwa, na mahali pa cha sita pako wazi. Kaye ilikuwa juu ya meza, kalamu ya biki katikati. Niliifungua kwenye jina langu. Katika nafasi ya mwisho, kwa mwandiko wake mzuri ule, palikuwa pameandikwa "imerudi". Pembeni ametia sini, na tarehe ilikuwa ya siku ile aliyokuja kunywa chai kwetu.

Niliona amekosea. Mwalimu wangu, aliyetufundisha kwamba mtu haandiki kitu ambacho hakiko, alikuwa amekosea, na kosa limetokana na mimi. Ningeweza kukiweka kitabu ndani ya kasha, na neno lake lingekuwa kweli. Nilifikiri hivyo, nakumbuka nilisimama nikifikiri. Lakini nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu kwamba hawezi kuondoka kwa sababu kitabu kimoja hakijarudi. Basi kama kitabu bado kiko kwangu, atalazimika kurudi. Nilichukua biki, nikakata "imerudi" kwa mstari mmoja, na juu yake nikaandika "bado".

Baba aliona. Alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilingoja kofi, halikuja. Aliitazama ile kaye, majina ya watoto arobaini yamepangwa moja chini ya jingine, akaichukua, akaiingiza ndani ya kanzu yake, na tukarudi nyumbani. Aliificha katika droo ya cherehani pamoja na kitabu. Kasha sijui liliishia wapi. Kura zetu hazikwenda popote, na wale sita huko kwenye benchi lao walipigiwa kura bila sisi.

Nilipokuwa mtu mzima, nimekwisha kuolewa na kuzaa, nilimwambia Baba yote, unga, madoa, uongo wangu wa kesho na kesho. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Aliutunga, ukashindikana, akautunga tena.

"Hakukungoja weye," akasema. "Mutu hangoji kitabu."

Kuna siku neno hilo linanitosha. Siku nyingine namkumbuka mjomba Ramazani, aliyerudi kutoka ng'ambo ameshazeeka, akaniambia kwamba alfajiri ile aliwaambia wenzake wasisukume mtumbwi, akangoja mpaka jua likatokea juu ya milima, Mwalimu asije. Droo ya cherehani ilikuwa yangu baada ya Baba kufariki. Nimeifungua ile kaye mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Niliyemwona amekosea, sasa naona aliandika akijua. Alitoka kwetu, akaenda moja kwa moja shuleni, akanifutia deni langu kwa mkono wake ili jina langu lisibaki na kasoro mahali popote. Nisichokijua ni kama ile "imerudi" iliandikwa na mtu aliyekuwa anafunga mizigo yake ili asafiri, au na mtu aliyejua kwamba hatasafiri tena. Nimeichungulia sana. Mwandiko ni ule ule.

Na "bado" yangu iko juu yake, ya wino, haifutiki.

Hadija nilimwonyesha kitabu, kwa kuwa alinisumbua. Kilimwaga unga kidogo mapajani mwake, baada ya miaka yote hii, unga mkavu usio na rangi. Akakinusa. "Iko inanuka mawese," akasema. Alitaka kutafuta kwenye simu kama yule mwanamke wa kitambaa alishinda, nikamwambia aache. Halafu akakisoma chote kwa siku mbili, Kifaransa chake ni kizuri kuliko changu, akaja kuniuliza kama najua ng'ombe aliishia wapi. Sijui. Zile kurasa za mwisho sikuzisoma, nilijiwekea ahadi kwamba nitazisoma siku nitakapokirudisha. Alifungua mdomo aniambie, nikamnyamazisha. Sasa anaijua siri ambayo mimi siijui, na anatembea nayo nyumbani humu akitabasamu, mjinga wee.

Ijumaa iliyopita, jioni, nilimkuta nyuma ya jikoni, amenipa mgongo, anasugua kitu kwa kitambaa. Kilikuwa kitabu chake cha shule, kimoja kati ya vile sita vya kwao, na alama ya mawese kwenye jalada ilikuwa kubwa kama kiganja. Alinitazama. Macho yake niliyajua.

"Mwalimu alisema tunaweza kurudisha mpaka Jumatatu," akasema. "Bibi, nikiweka unga, mpaka Jumatatu itatoka?"

Nilimnyang'anya kitambaa. Nilivaa viatu. Shule yao iko mbali kwa miguu yangu, na jua lilikuwa bado kali, na Hadija alilia njia nzima akisema mwalimu atamwona mchafu. Tulimkuta mwalimu anafunga mlango wa darasa, kijana mdogo, amebeba kofia ya pikipiki. Nilimwambia Hadija ampe kitabu kwa mikono miwili na aseme mwenyewe kilichotokea. Akasema. Kijana alikitazama, akapitisha kidole juu ya doa, akacheka.

"Rumonge hii, kitabu gani haina mawese," akasema.

Nilimwomba afungue tena mlango, atoe kaye yake, aandike mbele yangu. Alishangaa, lakini nina umri wa kusikilizwa. Aliandika "imerudi", akatia sini, nikainama nikasoma kwa macho yangu, nikamwambia, "Murakoze, Mwalimu." Kisha nikaketi kwenye benchi la nje kupumzisha magoti.

"Lakini Bibi," kijana akasema, "umejisumbua bure. Ingengoja mpaka Jumatatu."

"Hapana, mwana wangu," nikamwambia. "Hiyo Jumatatu naijua."